Chakula cha mzazi: hotipoti, friza au nusu tayari?

Mtoto akizaliwa, wiki ya kwanza nyumba ya mzazi haikosi chakula. Wifi kaleta mtori, jirani kaleta supu ya kuku, akina mama wa jumuiya wamekuja na sukari, sabuni na hotipoti mbili za wali. Kingine kinaliwa, kingine kinalala mezani na kesho yake kinamwagwa. Shida inaanza wiki ya nne au ya tano. Wageni wamepungua, bibi kapanda Coaster kurudi Tukuyu kwenye migomba yake, na mama yuko peke yake saa tisa mchana. Tumboni ana chai na kipande cha mkate, mtoto yuko begani, na maharage yaliyobandikwa tangu asubuhi bado yamegoma kuiva.

Ukitazama sheria unaona pengo lilipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa angalau siku 3. Kitovu cha mtoto kwa kawaida kinadondoka wiki ya kwanza au ya pili, na kabla hakijadondoka baba keshaingia kazini. Mama anayenyonyesha naye anahitaji takriban kilokalori 500 kwa siku juu ya alizokuwa akila kabla ya mimba, sawa na mlo mdogo wa ziada, katika kipindi ambacho hata mlo wa kawaida haupikiki.

Kwa hiyo ninapolinganisha njia za kumpikia mzazi, siangalii utamu kwanza. Naangalia chakula kinamfikia lini, na kinamwondolea kazi gani.

Njia tatu

Hotipoti ina kitu ambacho friza haina: wewe mwenyewe. Unafika, unampokea mtoto mama akaoge, unaosha vyombo, unasikia kama analala au halali, unaondoka. Kwa wiki mbili za mwanzo sioni cha kuishinda. Udhaifu wake ni kwamba kila mtu anaileta wiki hiyo hiyo, na kwamba si chombo cha kuhifadhia. Hotipoti nzuri inashika joto kwa saa kadhaa, lakini chakula kikishashuka chini ya nyuzi 60 vijidudu vinaanza kuzaliana, na kikikaa hivyo zaidi ya saa mbili si cha kumpa mtu anayenyonyesha, wala mtu mwingine. Wali wa saa saba mchana ulioachwa humo mpaka chakula cha usiku umeshapita mpaka huo, hata kama bado una uvuguvugu. Tena huo uvuguvugu ndio unaodanganya watu.

Friza ni mlo uliokamilika: mchuzi umeshaungwa, mtori umeshapondwa, mama anatoa, anapasha, anakula. Inafaa nyumba ambayo mchana hakuna mtu wa pili, au mama katoka kwenye upasuaji na kusimama jikoni ni adhabu. Inataka umeme, inataka nafasi, na si kila chakula kinarudi kikiwa kile kile.

Nusu tayari iko katikati, na wengi hawaifikirii. Unachemsha maharage bila kuyaunga, unachemsha nyama ikalainika, unapika kisamvu mpaka kiive, halafu unagandisha hivyo hivyo. Anayekula ndiye anayekaanga kitunguu na nyanya siku hiyo, dakika kumi na tano, basi. Mimi naipenda hii kuliko friza kamili, na sababu mojawapo ni wazee. Mama mkwe mmoja wa Rungwe aliposikia habari ya chakula cha friza alishika kiuno: "Mwanangu, mzazi halishwi kiporo." Binti akajibu kwa adabu, "Hapana mama, ni maharage tu tumeyachemsha mapema. Kuunga utaunga wewe." Bibi akauliza kitunguu kiko wapi.

Hoja ya bibi si ya kupuuzwa, maana kiporo kimewahi kuumiza watu. Ila kiporo cha kuogopwa ni kile kilicholala nje. Maharage yaliyoiva Jumamosi mchana, yakapoozwa haraka na kuingia friza mchana ule ule, hayakulala popote. Kumbuka tu kwamba friza haiui vijidudu, inavisimamisha. Kilichoingia kimechafuka kitatoka kimechafuka.

Huku juu, maji yanachemka mapema

Hili watu wa Dar es Salaam hawaligusi, lakini kwetu nyanda za juu kusini ndilo linaloamua kipi kiende friza. Jiji la Mbeya liko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa mjini inapita 1,500 na Njombe inapita 1,800. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji yanachemka kwenye joto pungufu kwa nyuzi moja. Mbeya yanatokota kwenye nyuzi kama 94, wakati Kyela, kule chini ziwani kwenye mita 500 hivi, ni kama 98. Ukichochea moto sufuria itapiga kelele zaidi na mvuke utaongezeka, lakini maji hayatapanda joto, yatakauka tu.

Ndiyo maana maharage yale yale yanayoiva Kyela mapema yanamaliza mkaa Uyole, jijini Mbeya. Kila kinachoivishwa kwa maji, yaani maharage, makande, ng'ombe mzee, kuku wa kienyeji, kisamvu, kinachukua muda mrefu huku juu. Kinacholiwa na muda ndicho kinachostahili nafasi kwenye friza. Ugali wa dakika kumi na tano haustahili, wala chainizi.

Kama nyumba ya mzazi ina presha kuka, hesabu inabadilika. Ndani yake mvuke unabanwa na joto linapita nyuzi 100, kwa hiyo maharage yaliyolowekwa usiku kucha yanaiva ndani ya saa moja hata Njombe. Hapo nafasi ya friza ipe nyama na kuku, maharage yapikwe siku yake. Lakini presha kuka inataka mtu wa kuiangalia, na mama mwenye mtoto mchanga huwa anaiogopa ile filimbi kuliko anavyosema.

Chakula kwa chakula

Maharage na makande vyote vinatoka kwenye friza vizuri, pengine vizuri kuliko chakula kingine chochote nitakachotaja hapa. Gandisha maharage yakiwa na maji yake yamefunikwa, maana yanayochungulia juu yanakauka na kubabuka ngozi. Tafuta mapya ya msimu, si yaliyokaa ghalani mwaka mzima, na hakikisha yameiva kabisa kabla hayajaganda: maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayotapisha, na kuyapasha kidogo baadaye hakuiondoi. Kati ya hayo mawili, kwa mama nachagua maharage, kwa baba na watoto wakubwa makande, kwa sababu makande ni mlo uliojitosheleza na hakuna anayemsumbua mama kwa swali la "tunakula na nini?" Nazi usiitie kabla ya kugandisha. Tui likiyeyuka linajitenga, linakuwa maji huku na vipande vya mafuta kule. Ongeza tui, au karanga zilizosagwa kama mnavyopenda, wakati wa kupasha.

Lipo na suala la maharage na tumbo la mtoto. Wazee wengi wanamkataza mzazi maharage kwa kuogopa mtoto atajaa gesi. Gesi inayotokea kwenye utumbo wa mama inabaki huko huko, haiingii kwenye maziwa. Hata hivyo, kabla hujachemsha sado nzima, uliza nani anashika jiko la nyumba ile. Ukipeleka makopo kumi ya maharage kwenye nyumba ambayo bibi kayakataza, yatakaa mpaka bibi aondoke. Ambapo, kwa kweli, ndipo yatakapohitajika.

Mtori dhidi ya viazi. Hapa watu wa nyanda za juu tunakosea kwa mapenzi, maana viazi mviringo ndivyo tulivyonavyo na tunavitia kwenye kila mchuzi. Kiazi kilichochemshwa kikiganda kinaharibika umbile: chembe za barafu zinapasua kiazi kwa ndani, na kikiyeyuka kinakuwa chepesi kama sifongo, maji yanachuruzika ukikibonyeza. Hakina madhara, ila hakuna atakayekifurahia. Mchuzi wa nyama ugandishe bila viazi, kisha andika kwenye lebo "ongeza viazi viwili". Vibichi vikikatwa vidogo vinaiva wakati mchuzi unayeyuka na kutokota. Viazi vilivyopondwa na siagi vinavumilia zaidi, lakini sioni haja.

Ndizi mbichi za Tukuyu zilizopondwa ndizo zinazostahimili. Mtori asili yake Kilimanjaro, lakini siku hizi hakuna mzazi wa Mbeya asiyeujua, na migomba tunayo. Chemsha nyama yenye mfupa mpaka iachie, toa mifupa, chemsha ndizi kwenye supu ile, ponda kwa mwiko. Kwa ajili ya friza upike mzito kuliko wa kunywa, karibu na uzito wa ugali laini, na maziwa uyaache nje. Siku ya kula unaongeza maji ya moto au maziwa, unakoroga juu ya moto mdogo, unarudi laini. Mzito unachukua nafasi ndogo na unayeyuka upesi. Karafuu, pilipili manga na kitunguu saumu vipunguze, maana vikikaa kwenye friza ladha yake inakolea na kuelekea uchungu. Chumvi nayo ladha yake inafifia, kwa hiyo mwache mlaji aonje na kuongeza mwenyewe.

Kuku wa kienyeji au ng'ombe? Ukiwauliza akina mama wa mtaani watakwambia kuku, na supu yake kweli ni faraja. Kwa friza mimi nampa ng'ombe ushindi mdogo. Nyama ya kuchemsha iliyokatwa vipande na kugandishwa ndani ya supu yake haikauki, na inageuka kuwa chochote: mchuzi leo, nyama ya ndizi kesho, mtori keshokutwa. Kuku anakuja na mifupa inayokula nafasi. Ukimtaka kuku, mchambue nyama, rudisha mifupa kwenye sufuria ichemke mpaka supu ipungue na kukolea, kisha gandisha supu hiyo nzito kwenye makopo madogo. Kopo moja linaongezwa maji na kuwa bakuli mbili. Mafuta yataganda juu kama kifuniko cheupe; anayetaka ayaache, asiyetaka anayatoa kwa kijiko.

Chapati na maandazi sikuvipa uzito zamani, mpaka unapoangalia mama anayenyonyesha anakula kwa mkono gani. Mkono mmoja. Supu inataka bakuli, kijiko na meza. Chapati inataka vidole. Pika, pooza kabisa, weka karatasi safi katikati ya kila moja zisishikane, zifunge zisiingie hewa. Zinatoka moja moja na kwenda kikaangoni kavu bila kuyeyushwa kwanza. Maandazi yanafaa pia, yapashwe kwenye sufuria iliyofunikwa kwa moto mdogo. Chipsi, samaki wa kukaanga na chochote kilichopendwa kwa ukavu wake, sahau.

Wali wa Kyela haufai kupoteza nafasi. Unaiva kwa nusu saa, na ni chakula kinachotaka uangalifu mkubwa: mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa, na wali ukikaa vuguvugu vinaachia sumu isiyoondoka hata ukipasha upya. Pilau ni hivyo hivyo, na karafuu juu. Ugali hapana. Uji hapana, mpelekee unga wa ulezi.

Mboga za majani nazo ziko makundi mawili. Mchicha, chainizi na majani ya maboga yanaiva kwa dakika chache na yakiganda yanakuwa tepetepe. Mnunulie fungu siku ya kumtembelea. Kisamvu ni kinyume chake. Kinataka kutwangwa, kuchemshwa muda mrefu kikiwa wazi, na kikishaiva na karanga kinaganda na kurudi bila kubadilika. Njegere ndizo zawadi ya msimu: akina mama wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, wanauza zilizokwisha kumenywa, unazitosa kwenye maji yanayotokota kwa dakika moja na nusu, unazihamishia kwenye maji baridi, unachuja, unagandisha. Zinamiminwa zikiwa barafu moja kwa moja kwenye mchuzi. Karoti zinalainika kidogo lakini hazikasirishi mtu. Mayai ya kuchemsha yanakuwa na ute mgumu kama mpira, usijaribu.

Na vipo vitu vinavyobanana kwenye friza bila sababu. Usipa mkavu (dagaa wa Ziwa Nyasa), karanga, unga, vinakaa kabatini. Parachichi liko Rungwe na Njombe kwa wingi, liliwe bichi.

Friza ipi?

Swali la kwanza la kumuuliza mzazi si "unapenda nini" bali "friza yenu ikoje". Kile kisanduku kidogo cha barafu ndani ya friji ya mlango mmoja si sawa na friza ya kulala. Angalia nyota kwenye mlango wake. Nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, na chakula kikae wiki moja tu. Nyota mbili ni nyuzi 12 chini, mwezi mmoja. Nyota tatu ni nyuzi 18 chini, miezi mitatu. Mchuzi na supu kwa friza ya nyota tatu vina ladha nzuri kwa miezi miwili hadi mitatu, kwa hiyo ukipika mimba ikiwa wiki ya 34 hadi 36 chakula kinaweza kufika mwezi wa pili baada ya kujifungua, lakini usikitegemee mpaka mwisho wa likizo. Ukikutana na nyota moja, usimjazie. Hifadhi kwako, umpelekee makopo mawili matatu kila wiki kwa bodaboda unayemwamini.

Wapo wanaosema huku kwetu Juni na Julai hakuna haja ya friji, Makete na Njombe alfajiri nyasi zinakuwa nyeupe kwa barafu. Baridi ya usiku haitoshi. Saa sita mchana jua limetoka, jikoni kuna moto, na sufuria iliyokaa dirishani imeshapanda na kushuka joto mara mbili. Friji inataka nyuzi 4 au chini yake muda wote.

Umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa inashika barafu kwa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, saa 24. Kwa hiyo nafasi tupu jaza chupa za maji, zitaganda na kusaidia. LUKU ikiisha usiku ni sawa na umeme kukatika, na kwa nyumba yenye mtoto mchanga hakuna anayekumbuka kuangalia uniti. Kumnunulia mzazi umeme ni zawadi ambayo haijaandikwa kwenye kadi yoyote ya pongezi, lakini inalinda kazi yako yote. Hasa kwa nyumba iliyo kwenye tarifu ya wateja wadogo, ile yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi: friza ya kulala iliyowashwa upya kwa ajili ya zawadi zenu inaweza kuwavusha kikomo. Kama ndivyo, hotipoti na unga wa ulezi vina huruma zaidi.

Kama mama atarudi kazini na ataweka maziwa yake ya kukamua humo humo, droo ya juu ni ya mtoto. Makopo ya wageni chini.

Kupooza ndiko kunakoharibu wengi

Kupika tunajua. Panapoharibika ni ile saa baada ya moto kuzimwa. Sufuria ya lita kumi ya maharage ikiachwa jikoni imefunikwa, katikati yake itabaki ya moto mpaka usiku, na muda wote huo iko kwenye joto ambalo vijidudu vinalipenda. Kuiingiza ya moto kwenye friji kunapasha kila kilichomo humo.

Fanya hivi. Jaza beseni maji ya bomba, ambayo kwa baridi ya Mbeya yanauma vidole, na hilo kwa mara moja ni faida. Weka sufuria ndani ya beseni, maji yafike kimo cha chakula. Koroga kwa upawa ukitoka chini kuja juu, ukigusa kuta za sufuria, maana kilicho ukutani ndicho kinachopoa. Maji ya beseni yakipata uvuguvugu yamwage, weka mengine. Baada ya mara mbili au tatu mvuke umekwisha. Gawanya sasa kwenye makopo mapana yenye kina kifupi, yaweke friji vifuniko vikiwa wazi kidogo mpaka yawe ya baridi, funika, hamishia friza. Lengo ni chakula kiwe friji ndani ya saa mbili tangu kitoke motoni.

Makopo yawe ya nusu lita, mlo wa watu wawili. Ndoo ya lita nne inaonekana ya ukarimu, lakini mama hawezi kuivunja, na kilichokwisha kuyeyuka na kupashwa hakirudi friza. Acha nafasi ya upana wa kidole juu, kwa sababu maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9. Chupa ya kioo iliyojazwa mpaka shingoni itapasuka. Ndoo ndogo za siagi na aiskrimu zinafaa, mradi usimimine cha moto wala usipashie humo. Vifuko vyepesi vya kufungia karanga vinachanika. Mifuko minene ya kufunga inayouzwa supamaketi ni mizuri kwa anayebanwa na nafasi: unailaza bapa ikagande, halafu unaisimamisha kama vitabu.

Lebo ni selotepu ya karatasi na makapeni, imebandikwa kabla kopo halijapata unyevu. Jina, tarehe, na cha kuongeza. "Nyama ya kuchemsha, 12 Mei, haina chumvi, ongeza viazi na karoti." Baba atakayepasha saa mbili usiku hajui kilichomo, na barafu zote za kahawia zinafanana.

Kupasha: toa kopo friza uliweke friji tangu usiku, au likiwa limeganda lichovye kwenye maji kidogo liachie, mimina kwenye sufuria yenye maji kikombe nusu, funika, moto mdogo, kisha chakula kikiyeyuka ongeza moto mpaka katikati itokote. Vuguvugu haitoshi. Toa kiasi cha kula tu.

Nani achague nini

Unaishi mtaa mmoja na mzazi, na una muda: hotipoti, lakini uwe wa wiki ya tatu na kuendelea, waachie wengine ya kwanza. Mko watu kadhaa, gawaneni siku badala ya kufika wote Jumapili baada ya ibada.

Mzazi yuko peke yake mchana na ana friza ya nyota tatu: mtori mzito, nyama kwenye supu yake, chapati. Hapo friza kamili inazidi vyote, hasa aliyepasuliwa.

Kuna bibi au dada wa kazi nyumbani: nusu tayari bila kusita. Maharage, kisamvu, njegere, nyama. Mwenye jiko anabaki mwenye jiko.

Hakuna friza kabisa: usimnunulie mtu friza ili upate pa kuweka zawadi yako. Usipa, unga, karanga, gunia dogo la mkaa au kujaza mtungi wa gesi, na saa mbili za mikono yako kila wiki.

Na aliye mbali? Dada yuko Iringa, mzazi yuko Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kwa basi. Inawezekana, kwa chakula kilichoganda kuwa jiwe, si kilichoanza kuganda. Panga makopo yabanane kwenye kisanduku cha kuhifadhia baridi, jaza mianya kwa magazeti, weka chupa za barafu juu maana baridi inashuka, zungushia blanketi, kabidhi basi la alfajiri, na mpokeaji awe stendi kabla basi halijaingia. Akifungua, abonyeze kila kopo. Lenye barafu ndani bado linarudi friza. Lililoyeyuka lakini bado ni baridi kama limetoka friji, lipashwe liliwe siku hiyo. Lenye uvuguvugu halionjwi, linamwagwa, hata kama ni kuku mzima.